Data za wilaya: msianze na tovuti

Kaka, umeuliza mnunue sava gani (kompyuta ya kuhifadhia) ya jukwaa la data za wilaya. Sava iache kwanza aisee! Watu wa maji wanaandika "Mwananyamala", afya wanaandika "M/nyamala", ardhi wana namba zao, sasa hapo mtaunganishaje? Kubalianeni namba moja ya utambulisho kwa kila mtaa, idara zote ziitumie hiyo hiyo, na kila faili liwe na tarehe na mtu wa kuulizwa, majina ya wananchi yatoeni kabisa. Ramani msichore upya, kwenye mradi wa Ramani Huria wa Dar es Salaam, kuanzia 2015 wanafunzi na wakazi walipita kata zinazofurika kama Tandale wakachora mpaka mitaro, ipo OpenStreetMap, ile ramani huru ya mtandaoni, bure, ishusheni muanzie hapo. Na wenyeviti wa mitaa waiteni mapema, wao ndo watatumia.