Ule moto wa dawa ya kontrasti: majibu ya maswali yenu kuhusu anjiografia

Wiki hii nimepokea maswali mengi ya anjiografia, kile kipimo ambacho mrija mwembamba unapitishwa kwenye mshipa wa mkononi au kwenye nyonga afu inasukumwa dawa ya kontrasti ili mishipa ionekane kwenye eksirei. Mi ni nesi, kazi yangu iko humo humo chumba cha kathita hapa Dar, kwahiyo nayajibu kama ninavyoongea na wagonjwa wangu pale kitandani.

Nesi shikamoo. Marehemu baba alipimwa mishipa ya mguu miaka ya themanini, alikuwa akisimulia alihisi kama kamwagiwa maji ya moto mpaka akapiga kelele. Sasa na mimi nimepangiwa hicho kipimo. Bado kiko hivo? (Tabata)

Marahaba mwanangu. Baba hakuongeza chumvi, dawa za kipindi kile zilikuwa zinaunguza kweli, na sababu yake ni ukali wa mchanganyiko wenyewe ukilinganisha na damu. Ngoja nikueleze kwa bajaji. Kinachoonekana kwenye eksirei ni iodini, hiyo ndo abiria wetu, na mshipa unaumizwa na wingi wa vyombo barabarani. Dawa za zamani, zile za ioni, ikiingia kwenye damu inagawanyika vipande viwili, kimoja kimebeba iodini tatu na kingine hakina kitu, yaani bajaji mbili kwa abiria watatu na moja inaenda tupu. Hizi zisizo za ioni kama iohexol (Omnipaque) au iopromide (Ultravist) bajaji moja inabeba watatu na haigawanyiki. Afu kuna iodixanol (Visipaque), hiyo ni Noah, chombo kimoja abiria sita.

Kwenye namba iko hivi: damu yako ina kama 290 kwenye kipimo kinachoitwa osmolaliti, yaani wingi wa hivyo vyombo barabarani, dawa za zamani zilikuwa 1,500 na kuendelea, hizi za kati kama iohexol zinacheza 500 mpaka 850, na iodixanol iko 290 sawasawa na damu. Aliyeanzisha haya mageuzi ni daktari wa mionzi wa Uswidi, Torsten Almén, alikuwa anaumia kuona wagonjwa wanavyoteseka, na inasimuliwa kwamba wazo lilimjia kutokana na kuogelea, aliona macho yanawasha kwenye maji ya chumvi nyingi kuliko kwenye maji ya chumvi kidogo. Aliyewahi kufumbua macho chini ya maji pale Coco Beach anaelewa hapo hapo. Wazo lake alilichapisha 1969, iohexol ikaanza kutumika miaka ya themanini mwanzoni.

Kwahiyo utahisi joto, hilo sikufichi. Linaanzia pale dawa inapopita linashuka mguuni, wengine linawafika kwenye kibofu wanadhani wamejikojolea wanaona aibu kusema, jamani semeni, hamjajikojolea, ni dawa, sekunde chache inaisha. Mi huwa naushika mguu wa mgonjwa wakati inasukumwa, kwasababu vidole vikijikunja tu najua imeuma hata kama mtu kajikaza, na mguu ukitikisika picha inaharibika inabidi dawa isukumwe tena.

Hiyo Visipaque nimeambiwa ndo ghali. Nimkomalie daktari anipe hiyo? (Mbagala)

Inategemea kaka. Kama ni mishipa ya miguu na unaogopa maumivu, hapo ina faida ya kweli, joto na maumivu yanapungua. Upande wa figo ndo watu wanabishana, mwaka 2003 ulitoka utafiti wa wagonjwa 129 wenye kisukari na figo dhaifu ukaonyesha iodixanol haiumizi figo sana kama iohexol, watu wakafurahi sana, ila tafiti zilizofuata dhidi ya dawa zingine hazikuonyesha tofauti kubwa hivo. Afu ni nzito, inabidi ipashwe ifike joto la mwili ndo isukumike vizuri, na vipele vya ngozi vinavyochelewa, vya siku mbili tatu mpaka wiki, vinatokea zaidi kwa hiyo. Kama figo zako nzima na ni mishipa ya moyo, maoni yangu usiuze kiwanja kwa ajili yake. Muulize daktari hivi: nitatumia dawa kiasi gani, na kreatinini yangu, kile kipimo cha damu cha figo, mmeiona?

Mimi pweza na kamba vinanivimbisha midomo. Si ni iodini hiyo hiyo? (Kigamboni)

Hapana dada, na hili limewatisha watu wengi bure. Kwenye kamba mwili unakataa protini ya nyama yake, iodini haihusiki. Utaje kama aleji yoyote nyingine, ila kipimo hakifutwi kwasababu hiyo.

Kinachonishtua mimi ni mtu aliyewahi kupata shida na kontrasti yenyewe. Nilimpokea mama mmoja kutoka hospitali nyingine, karatasi yake imeandikwa "aleji ya dawa" basi, dawa gani hamna, alivimba au alikosa pumzi hamna, ikabidi tuahirishe na alikuwa ametoka mbali na hajala tangu jana. Ukishawahi kupata shida omba waandike jina la dawa, au piga picha lebo ya chupa kwa simu, kwasababu kubadilisha dawa tu kunapunguza sana uwezekano wa kurudia, na kuna vidonge vya kuanza masaa 13 kabla. Kwa ujumla hizi za sasa ni salama mno kuliko zile: utafiti wa Japani wa 1990, wagonjwa zaidi ya laki tatu wa kuchomwa kwenye vena (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo), madhara makali yalikuwa asilimia 0.22 kwa dawa za ioni na 0.04 kwa zisizo za ioni.

Nina sukari natumia metformini, niache? (Kimara)

Usiache kwa kuambiwa na jirani mzee wangu. Kama figo zinachuja vizuri mara nyingi unaendelea. Figo zikiwa chini ya 30 kwenye kile kipimo cha uchujaji, au dawa inapigwa kwenye ateri (mshipa unaotoa damu kwenye moyo) ikielekea figo moja kwa moja, inasimamishwa masaa 48 wanapima figo tena ndo unarudishiwa. Na maji kunywa, au utawekewa dripu, ila kama moyo wako ni dhaifu, kiasi cha dripu apange daktari.

Nanyonyesha, nikamue nimwage? (Tegeta)

Nyonyesha mama. Kinachofika kwenye maziwa hakifiki asilimia 1 ya dozi, na mtoto anafyonza kidogo sana ya hicho.

Figo za mama zimechoka kabisa ila mguu unataka kuoza. Hamna njia bila iodini? (Gongo la Mboto)

Ipo, pole sana. Kwa mishipa ya chini ya kifua wanaweza kutumia gesi ya kaboni dioksaidi, inasukuma damu pembeni kwa muda picha inapatikana, afu inatoka kwa pumzi, figo haziguswi na aleji hamna. Kwa moyo na kichwa haitumiki, gesi ikifika ubongoni ni hatari. Picha zake ni hafifu kidogo, na chini ya goti saa nyingine wanamalizia na kontrasti mililita chache tu. Nenda na majibu ya figo ya karibuni muulize daktari wa mionzi anayetibu mishipa uso kwa uso, na usisubiri kidole kibadilike rangi zaidi ya hapo.