Maji Kwanza, Mashine Baadaye: Kwa Fundi wa Pwani Anayetaka Altrasoniki

Juzi umeingia ujumbe kutoka kwa fundi wa injini za boti, Malindi, aliyenunua mashine ya altrasoniki, ile inayosafisha vifaa kwa mtetemo ndani ya maji. Pamoja nao kuna picha ya kabureta tatu zilizolazwa juu ya gazeti, nyeusi kama sufuria ya kuni. Anauliza: "Mashine nimenunua mpya, joto nimeweka mpaka mwisho, nikatia dawa ya kuzibulia mabomba ya choo ili zing'ae haraka. Mbona zimetoka hivi? Nimeuziwa mashine mbovu?"

Mashine haina kosa, kaka. Zilizoharibu kabureta zako ni zile chembe ulizomimina ndani. Dawa ile ni kostiki, yaani soda kali inayochoma, na kabureta huundwa kwa aluminiamu au kwa mchanganyiko wa zinki. Kostiki inazitafuna zote mbili, na ikiwa ya moto inazitafuna kwa pupa. Mapovu uliyoyaona yakipanda ukadhani uchafu unatoka, yalikuwa hidrojeni, gesi inayowaka, huku kabureta yenyewe ikiyeyuka. Weusi uliobaki juu ni yale madini ya ndani ambayo kostiki haikuweza kuyameza.

Picha ile inauma, kwa sababu kosa lenyewe linajirudia. Mafundi wanauliza mashine ya bei gani, lita ngapi, inatoka wapi. Ni nadra mtu kuuliza atatia maji gani. Na hapa kwetu, Lamu mpaka Malindi, maji ndiyo nusu ya kazi.

Elewa kwanza kinachosafisha ni nini. Chini ya tangi kumegandishwa vitetemeshi. Mashine ya kHz 40 inatetemesha maji mara 40,000 kwa sekunde. Maji yanapasuka na kujifunga, yanazaa vipovu vidogo ambavyo jicho halivioni, na kila kipovu kinapojifunga ghafla kinapiga uchafu ulioshikilia kifaa. Kwa hiyo pasipofika maji hapasafiki. Kitundu cha jeti, kile kipande kidogo kinachopitisha petroli, kikiwa na hewa ndani, unaweza kuiacha kabureta humo mpaka magharibi na kitundu kitatoka kilivyoingia.

Ukienda kununua, chukua rula. Tangi la lita 6 kwa kawaida lina sentimita 30 kwa 15 na kina cha 15, na kikapu kikishaingia unapoteza kidogo kila upande. Kabureta ya bodaboda inaingia na nafasi inabaki. Ya injini ya boti pima kabla hujalipa. Gereji ndogo inatosheka na lita 6 au 10. Anayeosha silinda hedi anataka 22 au 30, lakini usinunue kubwa kwa fahari, kwa sababu kila lita utaipasha moto na kila lita utaitafutia maji.

Wati ziko za aina mbili: za mtetemo na za hita. Usikubali jumla yake; uliza kila moja. Lita 6 zenye wati 180 za mtetemo ni kipimo kizuri, yaani wati 30 kwa lita. kHz 40 inafaa kazi nyingi za gereji. Zile za 25 hadi 28 zinapiga kwa nguvu zaidi na kelele zake ni kali, za chuma kizito. Vile visanduku vya plastiki vya kusafishia miwani na vidani, visivyo na hita, waachie masonara. Hakikisha pana bomba la kumwagia maji pembeni, kwa sababu kuinua tangi lililojaa na kulimimina ni kuloweka mitambo ya ndani. Kati ya vitufe vya kioo na swichi za kuzungusha, mimi nakushauri uchukue za kuzungusha: hewa yetu ina chumvi, na swichi ya kuzungusha fundi redio yeyote ataibadilisha. Tazama pia kibandiko cha nyuma: umeme wetu ni volti 240, na mashine iliyoandikwa 110 itaungua siku ya kwanza. Tangi ni la chuma na lina maji, basi plagi iwe na waya wa ardhi unaofanya kazi.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji atie maji na aiwashe. Kata foili ya kufungia chakula, ile nyembamba, ining'inize wima katikati ya tangi bila kugusa chini, ihesabie dakika moja. Itoe uitazame kwenye mwanga. Foili nzuri imetobolewa vitundu na imekwaruzwa kote kwa usawa. Ikiwa upande mmoja umechakaa na mwingine bado unang'aa, kuna kitetemeshi kilichokufa. Ikiwa ni nzima kabisa, hilo ni sanduku la kupashia maji. Irudie foili hiyo kila baada ya miezi michache, kwa maana vitetemeshi hufa kimoja kimoja bila kupiga kelele.

Sasa maji. Visima vyetu vingi ni vya chumvichumvi, na chumvi inatoboa chuma cha tangi vitundu vitundu, hata kile kisichoshika kutu. Pia inakauka kwenye jeti na kuacha ukungu mweupe pale pale ulipotaka pasafike. Chemsha kikombe kimoja cha maji yako kwenye sufuria safi mpaka yakauke. Ukiona tabaka jeupe limebaki chini, hayo si maji ya mashine. Ya mvua hayana mshindani. Lamu mwenye jabia nyumbani, yaani birika la kuhifadhia maji ya mvua, au mwenye jirani mwenye jabia, ana hazina. Wakati wa masika jaza madumu mawili ufunike. Malindi, ya bomba yanayotoka kituo cha maji cha Baricho ni matamu kuliko ya kisima cha ufuoni. Maji yanayodondoka kwenye AC za hoteli nayo yanafaa. Maji ya betri yaliyosafishwa ni ghali kujaza tangi, lakini lita moja ya kusuuzia mwisho inalipa. Muulize muuzaji mara mbili kama ni maji au ni asidi, maana vyupa vyake hukaa rafu moja.

Cha kutia ndani ya maji: dawa ya altrasoniki iliyoandikwa wazi kuwa inafaa aluminiamu, kwa kipimo cha kibandiko chake. Ukiikosa, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa lita, basi. Ukizidisha, povu linakula mtetemo. Usitie kostiki. Usitie dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, hiyo inakula tangi. Na petroli, thina au mafuta ya taa yasiingie kwa hali yoyote, hata kidogo, hata mara moja. Mtetemo unayarusha kuwa mvuke, chini yake kuna hita na nyaya, na nyumba zetu za Lamu zinashikana ukuta kwa ukuta. Anayefanya hivyo anacheza na roho za watoto wa mtaa mzima.

Kabureta ya boti mara nyingi ina unga mweupe uliogandishwa na chumvi ya bahari, ambao sabuni haiuwezi. Huo unataka asidi ya ndimu ya unga, gramu 20 kwa lita. Usiimimine tangini. Tia ndani ya gudulia la kioo, weka kifaa humo, ning'iniza gudulia ndani ya maji ya tangi. Mtetemo unapita kwenye kioo na tangi linasalimika. Dakika 3, toa, tazama, suuza. Asidi nayo inakula zinki ukiisahau.

Kazi yenyewe huanza nje ya mashine. Fungua kabureta yote: jeti, skrubu ya hewa (hesabu mizunguko kabla ya kuitoa, uandike), floti, sindano ya floti yenye ncha ya mpira, oringi, diaframu, gasketi. Mpira wowote usiingie. Grisi nzito iondoe kwa brashi na mafuta ya taa kwenye beseni, uwanjani, kisha osha kwa sabuni na uiache ikauke kabisa. Anayetupa kabureta yenye grisi moja kwa moja tangini anachafua lita 6 kwa kazi ya dakika mbili za brashi.

Pasha maji kwenye jiko. Hita ya wati 300 ikitoa lita 6 kwenye nyuzi 28 mpaka 60 inataka dakika 45 hivi, na hapo hujahesabu joto linalopotea. Wengi wanachoka kungoja, wanaanza na maji baridi, halafu wanasema mashine haina nguvu. Lenga nyuzi 50 hadi 60. Kuweka mpaka mwisho, kama alivyofanya ndugu yetu, hakusaidii: maji yakikaribia kuchemka, vipovu vinajaa mvuke na kipigo chake kinalegea. Maji mapya yana hewa ndani, basi washa mtetemo dakika 10 tangi likiwa na maji bila vifaa, mpaka vipovu vya kuonekana viache kupanda. Maji yawe yamejaa mpaka alama. Kuwasha bila maji, hata kwa muda mfupi, kunaweza kuua hita na vitetemeshi.

Chukua bomba la sindano, lijaze maji yale yale ya tangi, usukume katika kila njia ya kabureta mpaka yatokee upande wa pili. Ndipo uiweke kwenye kikapu, ikiinamia upande ambao hewa itapanda na kutoka. Isiguse chini ya tangi wala isigusane na nyingine. Jeti ndogo zitie kwenye chujio la chai. Funika. Dakika 10, igeuze, tena dakika 10. Ukizidisha sana, aluminiamu iliyong'aa inageuka kijivu na hairudi. Usitie mkono maji yakitetemeka.

Hapa ndipo wengi wanapopoteza kazi yote. Mafuta yaliyotoka kwenye kabureta yameelea juu. Ukiinua kikapu, kabureta safi inapita katikati ya utando huo na inajipaka tena. Zima, laza kitambaa au tishu juu ya maji, uivute polepole mpaka ukingoni. Rudia mpaka uso wa maji usiwe na rangi za upinde. Kisha inua.

Suuza mara moja kwa maji matamu ya vuguvugu, pulizia kompresa kila njia. Tangi la kompresa limwage maji yake asubuhi, la sivyo unapulizia unyevu. Vipande vya chuma vinashika kutu ndani ya dakika chache katika hewa ya kusi, kwa hiyo vipake mafuta mepesi vikiwa bado na joto. Tazama jeti kwenye mwanga: duara liwe kamili. Usichokonoe kwa waya, unapanua tundu.

Maji machafu yana mafuta na chembe za metali. Usiyamwage mfereji wa Lamu, unaishia bahari ile ile tunayovua. Yaache kwenye ndoo usiku kucha, chota mafuta, uyatie kwenye dumu la oili chakavu, na matope ya chini yatupe na taka za gereji, si ufuoni.

Na zile kabureta tatu, kaka: zisuuze kwa maji mengi, uzisugue kwa brashi ya nailoni mpaka weusi uache kutoka vidoleni. Tingisha shafti ya kipepeo; ikicheza kuliko zamani, imeliwa. Funga jeti kwa mkono uone kama nyuzi za skrubu bado zinashika. Rudisha floti, tia petroli, iweke juu ya karatasi kavu dakika 10. Ikivuja, usiirudishe kwenye boti ya mtu. Toa jeti na skrubu zake uziweke kwenye kopo la akiba.