Sigara na mafuta ya damu: majibu ya maswali yenu

Juzi niligusia tu kwamba sigara huvuruga mafuta ya damu hata kwa kijana, na tangu hapo simu haijatulia. Nimechukua maswali matano, yanayofanana nimeyaunganisha.

Assalaam alaykum daktari. Nina miaka 24, nabeba mizigo gatini hapa Lamu, mwembamba kama fito. Nimepimwa: HDL 0.8, trigliseridi 2.4. Daktari hakuuliza nala nini, aliuliza navuta ngapi. Ni pakiti kwa siku, tangu nina miaka 17. Sigara ina mafuta gani?

Wa alaykum salaam. Huyo daktari kauliza la maana. Kwa mwanamume HDL, ile kolesteroli nzuri, inatakiwa ifike 1.0 (kipimo ni mmol/L) au izidi, kwa mwanamke 1.3, na trigliseridi, mafuta mengine yanayosafiri damuni, iwe chini ya 1.7. Wewe umeharibu kotekote, na wembamba haukukukinga.

Sigara haina mafuta ya kukutia, ila huyachokoza uliyonayo. Nikotini huamsha adrenalini, mwili ukadhani unakimbizwa, ukafungua akiba yake ya mafuta. Wewe umekaa zako barazani huendi popote, basi mafuta hayo yanaishia kwenye ini, nalo linayarudisha damuni kama trigliseridi. Kimeng'enya cha kuyaondoa nacho huzubaa.

HDL ifikirie kama punda wanaozoa taka mitaani: huokota kolesteroli iliyozidi kwenye mishipa na kuirudisha kwenye ini. Moshi huwapunguza punda. Uchambuzi wa mwaka 1989 uliokusanya tafiti nyingi ulikuta HDL ya wavutaji iko chini kwa karibu asilimia 6 na trigliseridi juu kwa asilimia 9 hivi, ukilinganisha na wasiovuta.

Sasa LDL, ile kolesteroli mbaya, ambayo ndiyo huwahadaa wengi. Namba yake kwa mvutaji mara nyingi haipandi sana, mtu akafurahia cheti. Kumbe moshi umeichachisha, kama samli iliyosahauliwa juani. LDL iliyochacha ikishaingia kwenye ukuta wa mshipa, seli za ulinzi huimeza hadi zikavimba, na hapo ndipo utando wa mafuta unapoanza. Si maradhi ya wazee hayo. Marekani, utafiti uitwao PDAY ulichunguza mishipa ya vijana wa miaka 15 hadi 34 waliokufa ghafla, wengi kwa ajali na majeraha, na wavutaji walikutwa na madoa mabaya zaidi kwenye mshipa mkuu.

Jambo moja: kama ulipimwa umetoka kula mahamri, trigliseridi hiyo irudie, usile kwa saa 9 hadi 12 kabla. Lakini HDL ya 0.8 usiisingizie mahamri.

Mwanangu yuko Malindi, ana miaka 20. Asema yeye ni shisha tu, moshi wapita majini.

Maji huupoza moshi, mama, hayauchuji. Tafiti zimekuta HDL ndogo na trigliseridi kubwa kwa wavuta shisha pia, na yale makaa ya juu yana sumu yake. Tena Kenya iliipiga marufuku mwishoni mwa 2017, kwa hiyo huko anakovutia wanajificha.

Mimi si mvutaji. Ni mbili tatu za moja moja jioni, tukila miraa.

Hizo mbili tatu za miraa nazijua, hadi usiku wa manane zimekuwa kumi. Hata zikibaki tatu, ngozi ya ndani ya mshipa huathirika na damu hutaka kuganda, na miraa nayo inapandisha presha saa ileile. Sheria ya tumbaku ya 2007 hairuhusu sigara ziuzwe moja moja. Wewe na muuzaji mnajua mnavyofanya.

Niache nazi au niache sigara?

Sigara. Tui la wali na samaki wa kupaka tutalizungumza siku nyingine, ingawa kweli nazi hupandisha LDL.

Ramadhani najizuia mchana kutwa, adhana ikilia ni tende, maji, sigara. Nikiacha kabisa, damu itarudi?

HDL huanza kupanda ndani ya wiki chache. Trigliseridi hutegemea zaidi uzito, na wanaoacha wengi huongeza kilo kadhaa, kwa hiyo usibadilishe sigara kwa soda.

Shida ya mfungo wako ni hiyo ya magharibi. Hamu huwa kali zaidi siku za mwanzo, kisha hupungua wiki hadi wiki. Wewe kila jioni unarudi siku ya kwanza, ndiyo maana mwezi mzima unateseka na Idi inakukuta na kiberiti mkononi. Ulizia duka la dawa bazoka au plasta za nikotini, panga tarehe, upime tena baada ya miezi mitatu. Na ukishameza tende, nenda msikitini moja kwa moja, usipitie barazani.