Barua zimekwenda wapi, faili liko wapi? Maswali yenu juma hili

Maswali ya juma hili yana kilio kimoja: "Nilihifadhi mwenyewe, sasa sikioni." Nimechagua matano.

"Fundi, ofisini tulikuwa na programu yenye folda, sasa tumehamia Gmail. Nilitengeneza lebo ya 'Mikopo', mwisho wa mwaka nikaifuta nikijua barua zote za mikopo zimekwenda nayo. Juzi nazikuta zipo. Mbona hazifutiki?" (Karani wa saccos, Morogoro)

Kwa sababu lebo si folda, hata kama imejipanga pembeni mwa skrini ikijifanya folda. Folda ni droo. Karatasi iliyo droo hii haiko droo ile, na ukichoma droo umechoma na kilichomo. Lebo ni kibandiko tu. Barua moja unaweza kuibandika 'Mikopo', ukaibandika na 'Ya mwenyekiti', na bado ni barua ile ile moja. Ukibandua, barua yenyewe hujaigusa. Hata Kikasha ni lebo: ukiiweka barua kwenye kumbukumbu inatoka mbele ya macho, lakini ukifungua 'Barua zote' utaikuta imetulia. Ukitaka ife, ifute yenyewe iende Tupio, na huko itakaa siku 30 kabla ya kuondolewa.

Mambo haya yana asili yake. Gmail ilitangazwa Aprili 1, 2004 ikiwa na nafasi ya GB 1, wakati Hotmail ya bure ilikuwa inatoa MB 2. Wengi walidhani ni utani wa siku ya wajinga. Kwa MB 2 ulikuwa huna budi kufuta na kupanga kila mara. Nafasi ilipopanuka, ushauri ukageuka: usifute, usihangaike kupanga, tafuta tu.

Mimi nakubali nusu. Kutafuta kunasaidia ukikumbuka neno lililomo. Sasa kuna yule mteja ambaye kila barua yake ina kichwa "Habari" na ndani ameandika "kama tulivyoongea". Huyo utamtafuta kwa neno gani? Kwenye kisanduku cha kutafutia andika from: ikifuatiwa na anwani yake, ongeza has:attachment, utaletewa zile tu alizoambatisha kitu. Na barua za watu wa namna hiyo, bandika lebo siku ile ile inapoingia.

"Nimenakili hesabu zote za mwaka kutoka folda ya Google Drive kwenye kompyuta yangu nikaziweka kwenye flashi. Mkaguzi kafungua, hakuna kitu, kila faili lina KB 1. Nimehujumiwa?" (Mhasibu, Mwanza)

Hapana, hesabu zako ziko salama, ila hukuzinakili. Jedwali lililotengenezwa kwa Google Sheets halina mwili kwenye kompyuta yako. Kile unachokiona kwenye folda, chenye .gsheet mwishoni mwa jina, ni anwani ya kukupeleka mtandaoni. Ni kama umempa mkaguzi kikaratasi kilichoandikwa "nyumba iko Igoma" ukadhani umempa nyumba. Lifungue kila moja kwenye kivinjari, nenda Faili, kisha Pakua, chagua Excel, halafu hilo lililoshuka ndilo la kuweka kwenye flashi. Kabla ya kuichomoa, tazama ukubwa.

Hapa folda ya zamani inashinda bila ubishi: ulichokiona ndicho ulichokishika.

"Shikamoo fundi. Nikienda steshenari kuchapisha CV, kijana wa pale huniambia nifungue barua pepe yangu kwenye kompyuta yake. Kuna ubaya?" (Mhitimu, Dodoma)

Marahaba. Upo. Hivi karibuni nilipeleka mkataba steshenari moja, nikafungua folda ya vipakuliwa kutafuta faili langu. Nikakutana na cv, cv(1), cv(2), mpaka cv(46). Katikati yake kulikuwa na vyeti vya kuzaliwa, picha za vitambulisho vya NIDA mbele na nyuma, na barua moja ya talaka. Juu ya hayo, kivinjari kilikuwa wazi kwenye barua pepe za mtu ambaye alishaondoka. Alibonyeza alama ya X akadhani amefunga mlango. Nilimtoa, nikachapisha changu.

Uzuri wa barua pepe ya kwenye kivinjari ni kufunguka kwenye kompyuta yoyote, na ubaya wake ni huo huo. Hali fiche ya kivinjari (Incognito) inasaidia, maana ukifunga madirisha yake yote akaunti inatoka, lakini faili ulilopakua linabaki pale pale kwenye diski. Mimi nafanya hivi: nikiwa na simu yangu mkononi, naituma PDF moja kwenda anwani ya duka, basi. Wakishachapisha naomba waifute mbele yangu, na kwenye pipa pia. Wananiona mkorofi. Kama uliwahi kusahau kutoka, fungua akaunti yako ya Google kwenye simu, ingia sehemu ya usalama, tazama orodha ya vifaa, uondoe usichokitambua.

"Ofisi ninayoiandikia inasema inapokea hadi MB 10. Faili langu ni MB 8 na limerudishwa." (Mkandarasi, Mombasa)

Barua pepe hugeuza kiambatisho kuwa herufi kabla ya kukisafirisha, na kinanenepa kwa takriban theluthi moja. MB 8 zako zilifika mlangoni zikiwa karibu 11. Punguza picha zilizomo au tuma kiungo.

"Mtandao wetu huja alfajiri na usiku tu. Nitumie Gmail kwenye kivinjari au Thunderbird?" (Mwalimu, Kigoma)

Thunderbird, programu ya barua pepe inayokaa kwenye kompyuta yenyewe. Utavuta barua alfajiri, utasoma na kujibu mchana, usiku zitaondoka. Gmail nayo ina njia ya kufanya kazi bila mtandao ndani ya Chrome, ikihifadhi barua za siku 7, 30 au 90, ila ukitaka ya mwaka juzi saa sita mchana, huna.

Wakati wa kuiweka utaulizwa njia ya kuvutia barua, IMAP au POP3. Chagua IMAP, ambayo huacha barua kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayozitunza, na kukupa nakala. Mimi niliwahi kuweka POP3 bila kutia alama kwenye "acha nakala kwenye seva". Kila barua ilishuka kwenye laptopu na kufutwa kule ilikotoka. Siku chai ilipomwagika juu ya kibodi, barua za miaka miwili zilizama nayo. Nilifungua kivinjari nikiwa na matumaini yote. Kikasha kilikuwa cheupe.