Mama wa mapacha: anza na wiki zake kabla hujakimbilia vipimo

Wadogo zangu mnaoingia leba na kliniki sasa hivi, naomba mnisikilize kuhusu mimba za mapacha. Zaidi ya nusu ya mapacha wanazaliwa kabla ya wiki 37, kwahiyo hili utakutana nalo tu, na kila mwaka naona wageni wanaulizia kipimo gani kitawaambia nani atawahi kujifungua wakati hata wiki za mama hawazijui.

Mwaka wangu wa kwanza nilipokea mama usiku, tumbo kubwa, napima kimo cha tumbo napata 36, yaani kama wa wiki 36, analalamika mgongo unavuta kama anataka kuingia kwenye siku zake. Nikaandika mimba imekomaa, nikampa kitanda asubirie. Kadi yake alikuwa ameikunja mara nne ndani ya kitenge na mimi sikuisoma vizuri. Sista wa zamu ndo akaifungua, altrasaundi ya mwanzoni inaonyesha siku ile mama alikuwa na wiki 29. Kimo cha tumbo la mapacha hakikupi wiki jamani! Masaa niliyopoteza ndo yalikuwa ya deksamethasoni, dawa ya kukomaza mapafu ya watoto, ambayo inataka dozi nne za miligramu 6 kila baada ya masaa 12. Alfajiri wakazaliwa, njiti wote wawili, wakapona ila baada ya siku nyingi za oksijeni, na vile vifua vilivyokuwa vinabonyea ndani kila wakivuta pumzi mpaka leo naviona.

Kwahiyo altrasaundi ya mapema, wiki 11 mpaka 14 ikiwezekana. Hapo unapata wiki za uhakika na pia unajua kama watoto wana kondo moja au kila mtu na lake, baadae inakuwa ngumu kutofautisha. Wanaochangia kondo hatari yao ni kubwa zaidi, mmoja anaweza kumnyonya mwenzake damu, ndo maana kuanzia wiki ya 16 wanatakiwa kuangaliwa kila wiki mbili.

Halafu muulize mama, tena kwa upole maana wengine wamepoteza watoto: ulishawahi kujifungua kabla ya wakati? Jibu la ndiyo lina uzito sana. Pima mkojo, pima damu, malaria usiiache.

Kama hospitali yako ina mtu anayejua kupima urefu wa mlango wa kizazi kwa kupitia ukeni, mpeleke kati ya wiki 18 na 24. Milimita 25 kushuka chini ni dalili mbaya, 20 kushuka ndo mbaya kabisa. Mama akojoe kwanza, mpimaji asikandamize kwa sababu mlango unaonekana mrefu kuliko ulivyo, apime mara tatu achukue ile fupi. Ila mlango mrefu usikufanye umwambie mama atafika 37, mama wa mapacha wengi wanawahi hata na mlango mzuri.

Na ukishajua yuko kwenye hatari usimwambie akalale kitandani miezi mitatu, kulala hakujaonekana kuzuia, na kushona mlango kwa kila mwenye mapacha nako hakusaidii. Mwenye mlango mfupi daktari anaweza kumfikiria projesteroni, homoni ya kutunza mimba, ya kuweka ukeni. Deksa nayo haipigwi tu kwa vile ni mapacha, inasubiri dalili kwamba kweli anakaribia kujifungua.

Kinachobaki ni kumweka karibu na sehemu yenye wodi ya njiti. Mwambie tumbo likikaza kaza, mgongo ukivuta au maji yakitoka aje muda huohuo, asisubiri kupambazuke. Akikuambia atahamia kwa dada yake mjini muulize anahamia lini na usiku atakuja na nini, hiyo namba ya bodaboda muandikie kwenye kadi pale juu kabisa, karibu na wiki zake.