Udongo wa kukauka wenyewe kwa midoli ya plastiki: yaliyonikuta mimi hapa Lindi

Mkuu, umeuliza udongo gani wa bei nafuu, usiohitaji kuchomwa, unaoweza kuongezea kofia na mavazi kwenye sanamu zako ndogo za plastiki bila kupasuka baada ya wiki. Umesema Nachingwea unapata plastisini ya watoto tu. Hiyo iache, ina mafuta ndani, haikauki hata ukiianika mwaka mzima. Na akitokea mtu wa kukuuzia ule wa kuoka kwenye oveni, mwache naye. Unaiva kwenye joto la zaidi ya nyuzi 100, na mdoli wako utakuwa umeshajikunja.

Mimi aliyenifundisha kazi hii ni Kentrosaurus, dinosaria mmoja mwenye miba. Watu wa huku mnajua habari za Tendaguru, kile kilima cha kaskazini-magharibi mwa Lindi mjini ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913, wapagazi wakaibeba kwa miguu mpaka bandari yetu hii. Yule mrefu wao, Giraffatitan, yuko Berlin mpaka leo, amesimama zaidi ya mita 13. Mimi nampenda huyu mfupi mwenye miba, naye alitoka humohumo. Madukani hayupo. Wapo Stegosaurus wa plastiki, wana mabamba mgongoni kote. Nikanunua mmoja, nikayakata mabamba ya nyuma kwa kipande cha msumeno wa chuma, nikaanza kutafuta kitu cha kutengenezea miba: jozi kwa jozi kuanzia kiunoni hadi mkiani, na mmoja mrefu kila bega.

Nilianza na kauri baridi, ule mchanganyiko wa gundi nyeupe ya mbao na wanga. Vipimo ni sawa kwa sawa, unaongeza kijiko cha mafuta ya mtoto na kijiko cha siki au ndimu, unakoroga kwenye moto mdogo mpaka donge liachane na sufuria, kisha unakanda likiwa vuguvugu. Wanga unaotakiwa ni konflawa, ule unga laini wa kupikia kastadi. Mimi kwa ubahili nikatia unga wa muhogo wa nyumbani, nikijiambia muhogo nao si wanga? Ni wanga, lakini unga wetu wa makopa una nyuzinyuzi, donge likatoka na chengachenga. Miba ikakauka ikiwa imesinyaa na kupinda kama kucha za kuku. Hiyo ilikuwa Januari. Kufika Machi imeota ukungu, na sisimizi wameshaweka njia mpaka kabatini.

Nikarudia kwa konflawa. Ikatoka nyeupe, laini, nzuri kweli, ila bado ikasinyaa, na mvua ilipoendelea ikawa inalegea ukiibonyeza. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nauliza swali la bei wakati nilitakiwa kuuliza kitu kinagandaje. Kinachokauka kwa kupoteza maji lazima kisinyae, maana maji yakitoka yanaacha nafasi. Kikikaa juu ya plastiki ambayo haisinyai, kitapasuka au kitabanduka. Halafu hewa yetu ya pwani, hasa Desemba mpaka Aprili, inakirudishia unyevu uleule. Udongo wa pakiti wa madukani kama DAS nao uko kundi hilohilo, tofauti yake ni kwamba hauozi.

Kundi la pili hukauka kwa dawa mbili kukutana, yaani epoksi ya kukanda. Hakuna maji ya kutoka, kwa hiyo hakuna kusinyaa kwa kuonekana. Wenye hobi hii duniani wanatumia Milliput ya Uingereza au ile ya kijani, Green Stuff. Milliput inakuwa ngumu na inakubali msasa. Ya kijani inabaki na mnyumbuko kidogo, inafaa vitu vyembamba kama upanga au mkanda, lakini msasa haiupendi. Ukiagiza kutoka Dar utalipia na nauli ya basi. Mimi nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi nikaomba ile stiki ya epoksi ya mafundi bomba, ya kuzibia matangi yanayovuja. Nje ina rangi moja, moyoni nyingine. Unakata kipande, unakanda mpaka rangi zote mbili ziwe moja. Usikate zaidi ya ukubwa wa korosho moja! Kwa joto letu una dakika chache tu kabla haijawa jiwe, na mimi nimeshatupa vipande vingi vilivyogandia vidoleni. Vaa glavu, maana epoksi mbichi inaweza kukuachia mzio wa ngozi usiokwisha. Glavu ziwe na maji kidogo ili isinate. Ukipiga msasa, piga na maji, usivute lile vumbi.

Miba yangu ndani ina waya wa kufungia nondo. Nilitoboa mgongo kwa sindano ya moto, nikachomeka waya, nikavisha epoksi juu.

Sasa gharama. Stiki nzima ukiijaza tumboni mwa sanamu utafilisika, kwa hiyo unene fanya na vitu vya bure. Foili ya jikoni iliyofinyangwa inatosha, au vumbi la msasa kutoka kwa seremala ukichanganya na gundi ya mbao, kama wao wenyewe wanavyoziba nyufa. Likauke siku kadhaa kivulini, lipake vanishi, ndipo uvishe ngozi nyembamba ya epoksi. Wazo la kubandika juu ya kilichokwisha kuchongwa si geni kusini. Kwenye vinyago vya mapiko vya Wamakonde, vile vya kuvaa kwenye ngoma, zile chale za usoni mara nyingi ni nta ya nyuki iliyobandikwa. Nta nimeijaribu pia. Nilimsahau mnyama dirishani mchana mmoja, basi.

Puti ya gari mafundi rangi watakupendekezea. Kwa kitako cha sanamu sawa, lakini isiguse plastiki ngumu ya modeli za kuunganisha, inaitafuna.

Kabla ya yote hayo jua plastiki yako. Kata kachembe mahali pasipoonekana, kaweke kwenye maji ya bomba. Kakielea, ni aina ambayo karibu hakuna kitakachoishika. Tafuta mdoli mwingine. Kakizama, osha kwa sabuni, kwangua kwa msasa, endelea. Ila kama ni laini, inayopinda ukiiminya, epoksi ngumu itabanduka siku mtoto atakapoipinda, na rangi ya mafuta inaweza kubaki inanata miezi.

Kofia zako nadhani utazimaliza kwa stiki moja. Mavazi yanategemea kama ni kanzu au ni shati tu, hukusema. Weka picha, na useme kachembe kameelea au kamezama. Huyu wangu ana mwaka wa pili sasa juu ya televisheni, mwiba wa bega la kushoto umepinda kidogo kwa sababu nilichelewa kuushika.