Modeli yangu inaifuata data ya kani kikamilifu. Kwa nini mhakiki haridhiki?

SWALI: Shikamoo Profesa. Ninafanya shahada ya uzamili kuhusu kusinyaa kwa misuli ya moyo. Nina data ya kani dhidi ya kalsiamu kutoka trabekula za panya (vipande vyembamba vya msuli wa moyo) zilizovuliwa utando wa seli, zilizopimwa kwenye sentigredi 15. Nimeongeza pigo moja (kusinyaa na kulegea mara moja) la trabekula nzima, la urefu usiobadilika na sentigredi 37, nililolitoa kwenye makala ya watu wengine. Modeli yangu ina vigezo 14 na nimeioanisha na data hizo mpaka R mraba, kipimo cha ulinganifu wa modeli na data ambacho ukamilifu wake ni 1, imefika 0.998. Mhakiki ameandika kwamba vigezo havitambuliki, yaani data haitoshi kubainisha thamani zake, na kwamba haamini kasi za mayosini (protini inayovuta msuli) ninazoripoti. Mwenzangu ananishauri nitafute algoriti yenye nguvu zaidi au nifundishe mtandao wa neva. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Mhakiki wako yuko sahihi, na algoriti mpya haitakusaidia. Maswali ya aina hii yananijia kila mara, na karibu yote yamebeba imani moja: kwamba mstari wa modeli ukishapita juu ya nukta za data, basi namba zilizomo ndani ya modeli ni za kweli. Imani hiyo imeharibu kazi nyingi nzuri katika fani yetu, kwa hiyo nitaanza nayo.

Chukua modeli ndogo kuliko zote, ile ya hali mbili. Kichwa cha mayosini ama kimeshika aktini, protini ya uzi mwembamba, ama hakijashika. Kinashika kwa kasi f, kinaachia kwa kasi g. Kani ya msuli uliotulia kwenye urefu mmoja inafuata sehemu ya vichwa vilivyoshika, yaani f ukiigawa kwa jumla ya f na g. Weka f iwe 10 kwa sekunde na g iwe 10 kwa sekunde: nusu ya vichwa imeshika. Weka 3 na 3, ni nusu tena. Weka 100 na 100, bado nusu. Kwenye grafu yako misuli hii mitatu inalaliana kabisa, huwezi kuitenganisha.

Lakini ufupishe kila mmoja ghafla, uurudishe kwenye urefu wake ili vichwa vyote viachie, halafu uangalie kani inavyojengeka upya. Kasi ya kujengeka huko ni jumla ya f na g. Msuli wa kwanza utakupa 20 kwa sekunde, wa pili 6, wa tatu 200. Pima ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, inayotumika kwa kila kichwa: 5 kwa sekunde, 1.5 kwa sekunde, 50 kwa sekunde. Yaani msuli mmoja unachoma nishati zaidi ya mara thelathini kuliko mwenzake, na kani yao ni ileile. Kimo cha maji kwenye mtungi unaovuja hakikwambii maji yanaingia kwa kasi gani na yanatoka kwa kasi gani. Kinakwambia uwiano tu.

Kama vigezo viwili tu vinaweza kukuficha namna hiyo, sembuse 14! Algoriti yenye nguvu itafika haraka zaidi kwenye jibu mojawapo kati ya majibu mengi yanayolingana kwa ubora, kisha itakupa namba zenye desimali nne ambazo zinapendeza machoni na hazina ushahidi. Mtandao wa neva utakuongezea vigezo juu ya vigezo. Hakuna hesabu inayoweza kutoa kwenye data kitu ambacho hakikupimwa.

Mtafiti wa misuli Bernhard Brenner alilijua hili vizuri. Mwaka 1988, alipotaka kujua kama kalsiamu inabadilisha kasi ya kushika au ya kuachia, hakuitegemea grafu ya kani peke yake. Kwenye nyuzi za msuli wa psoasi wa sungura alipima kani, ukakamavu, matumizi ya ATP na kasi ya kani kujengeka upya, vyote kwa pamoja. Ndipo akapata haki ya kusema kwamba kalsiamu inagusa zaidi kasi ya kushika.

Utaniambia: mimi nina pigo pia, na pigo lina muda ndani yake. Ni kweli, lina muda. Sasa jiulize muda huo ni wa nani. Pigo la msuli mzima linafuata kupanda na kushuka kwa kalsiamu ndani ya seli, kisha kalsiamu kushikamana na troponini, protini inayowasha msuli, na kuachia, kisha vichwa vya mayosini, kisha mnyumbuko wa vishikizo kwenye ncha zote mbili. Wewe kalsiamu hukuipima. Uliikisia, au uliikopa kwenye makala ya tatu. Kwa hiyo kosa lolote kwenye kalsiamu uliyokopa linahamia moja kwa moja kwenye kasi za mayosini, na R mraba haitapiga kelele.

Halafu kuna suala la joto, ambalo sielewi kwa nini watu walipita kama halipo. Data yako moja ni ya sentigredi 15, nyingine ya 37. Kasi za mayosini hubadilika sana katika pengo hilo, na hazibadiliki zote kwa kiwango kimoja. Hatua ya kutoa fosfati ina tabia yake, hatua ya kuachia ADP ina yake (vyote viwili ni mabaki ya ATP). Ukizizidisha zote kwa kizidishi kimoja cha joto, umetunga msuli ambao haupo kwenye joto lolote. Nimeona modeli za moyo wa binadamu zenye kasi zilizoanzia kwenye nyuzi za chura za karibu na sentigredi 0, zikapandishwa mpaka 37 kwa kizidishi hicho kimoja. Hiyo ni bora liende, na inapaswa kuitwa hivyo.

Kuvua utando nako kuna gharama zake. Msuli uliovuliwa huvimba, nafasi kati ya nyuzi nene na nyembamba hupanuka. Ndiyo maana maabara nyingine hutia dekstrani, sukari yenye molekuli kubwa, kwenye maji ya majaribio ili kuirudisha. Magnesiamu kwenye maji hayo ikibadilika, nayo grafu ya kalsiamu inasogea. Fosfati inayobaki hushusha kani. Mambo haya yameandikwa kwenye sehemu ya mbinu za kila makala, sehemu ambayo watu wa modeli wengi huiruka wakikimbilia picha ya pili. Someni mbinu, tafadhali. Kigezo mnachokipakua kilizaliwa ndani ya maji fulani.

Na urefu? Umeandika kwamba pigo lilikuwa la urefu usiobadilika. Urefu wa nini? Mwaka 1980 Henk ter Keurs na wenzake, wakipima sakomea (vipande vidogo vya kusinyaa vilivyopangana ndani ya msuli) za trabekula za panya kwa mwanga wa leza, walionyesha kwamba msuli ukishikwa ncha zote mbili usifupike, sakomea za katikati hufupika hata hivyo, kwa sababu ncha zilizoumizwa na vishikizo hunyumbuka. Katika msuli wa moyo ufupikaji huo ni mkubwa, unaweza kufika sehemu moja ya kumi ya urefu wa sakomea au kuzidi. Kama modeli yako inaamini sakomea ilisimama kwenye maikromita 2.2 wakati kwa kweli iliteleza mpaka 2.0 au chini yake, basi vigezo vyako vinafidia ufupikaji ambao modeli haiujui. Vinafidia vizuri sana, ndiyo maana ukapata 0.998.

Historia ya fani hii ingetosha kumtia mtu adabu. Mwaka 1957 mwanafiziolojia Andrew Huxley alitoa modeli iliyofuata kwa ustadi mkubwa uhusiano wa kani na kasi pamoja na joto la msuli wa chura, kama mwanafiziolojia A. V. Hill alivyokuwa ameyapima mwaka 1938. Ilipendeza, na bado tunaifundisha. Mwaka 1964 Hill alipima tena, akaona kwamba msuli ukifupika kwa kasi kubwa sana, kiwango cha nishati inayotoka hushuka badala ya kuendelea kupanda. Modeli ilikuwa imesema vingine. Huxley hakutafuta vigezo vipya vya kuziba ufa. Mwaka 1973 alipendekeza kwamba kichwa hushika kwa hatua mbili, ya kwanza ikiwa rahisi kutenguka. Kipimo kimoja kipya kilibadilisha muundo wenyewe wa modeli.

Mfano wa pili unauma zaidi. Mwaka 1971 Huxley huyohuyo na Robert Simmons walifupisha nyuzi za chura kwa ghafla, wakasoma kani ikianguka na kurudi, wakaieleza kwa springi iliyo ndani ya kichwa cha mayosini. Mnyumbuko karibu wote ulihesabiwa kuwa wa vichwa. Mwaka 1994 makundi mawili yaliyotumia eksirei, moja la Hugh Huxley na jingine la Wakabayashi na wenzake, yalionyesha kwamba nyuzi zenyewe hurefuka kidogo chini ya kani, na kwamba karibu nusu ya mnyumbuko wa sakomea, au zaidi, umo ndani ya nyuzi. (Andrew na Hugh ni watu wawili tofauti na hawana undugu, nimechoka kusahihisha tasnifu zinazowafanya mtu mmoja.) Kwa zaidi ya miaka ishirini ukakamavu wa kichwa kimoja ulikuwa umekadiriwa chini ya kweli, na data zilioana vizuri muda wote huo.

Sasa kazi yako. Anza na jaribio ambalo halihitaji maabara. Chukua kigezo kimoja, kwa mfano kasi ya kuachia. Kifunge kwenye nusu ya thamani uliyopata, kisha uache vigezo vingine 13 vijioanishe upya. Rudia kwenye mara mbili, mara tano, sehemu moja ya kumi. Chora kosa la modeli dhidi ya thamani uliyoifunga. Mchoro ukichimbika kama bakuli, data yako inakijua kigezo hicho. Ukiwa tambarare, haikijui, na huna ruhusa ya kukiripoti kama matokeo. Fanya hivyo kwa vyote 14. Ninavyoona data ulizonazo, utabaki na vichache mno, na baadhi vitasimama tu kama uwiano au jumla. Ripoti uwiano huo. Ni matokeo halali, hata kama hayapendezi.

Baada ya hapo, kama bado una trabekula na kemikali, pima kasi ya kani kujengeka upya katika viwango kadhaa vya kalsiamu, na matumizi ya ATP, kwenye msuli uleule, maji yaleyale, joto lilelile. Vipimo hivyo viwili vitakupa zaidi kuliko nukta mia za nyongeza kwenye grafu ya kani. Mitikisiko midogo ya urefu katika masafa mbalimbali nayo husaidia sana kutenganisha hatua za mzunguko. Weka kando kipimo kimoja, tuseme uhusiano wa kani na kasi ya kufupika, usikiguse wakati wa kuoanisha, kisha uitake modeli ikibashiri. Ikishindwa, hapo ndipo umeanza kujifunza kitu. Lile pigo la sentigredi 37 liondoe mpaka uwe na kalsiamu yake.

Njia ya kufanya haya vizuri ipo. Sander Land na wenzake, mwaka 2017, walipotaka modeli ya moyo wa binadamu hawakukwangua namba kutoka kwa wanyama watano tofauti. Walipima seli za moyo wa binadamu kwenye joto la mwili, kisha wakajenga modeli juu ya vipimo hivyo. Hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana. Ventrikali (chemba ya chini ya moyo) ya panya wadogo wa maabara, ambao moyo wao hupiga takribani mara 600 kwa dakika, imejaa mayosini ya aina ya alfa. Ya binadamu imejaa ya beta, iliyo ya polepole zaidi. Badiliko la jeni la R403Q, ambalo mwaka 1990 lilihusishwa na ugonjwa wa kurithi wa kunenepa kwa msuli wa moyo, lilionekana kuongeza kasi ya mayosini lilipopimwa kwa panya hao. Kwenye mayosini ya beta athari hiyo haikujirudia vivyo hivyo. Aliyejenga modeli ya mgonjwa juu ya namba za panya alikuwa akitibu panya.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo, kwa sababu jambo hili limetoka maabara limeingia sokoni. Wapo wanaotangaza moyo wa kidijitali wa mtu mmoja mmoja: leta picha moja ya ultrasaundi na presha ya damu, programu itakwambia kasi ya mayosini yako na dawa inayokufaa. Picha moja ina namba chache. Modeli iliyo nyuma yake ina makumi ya vigezo. Vilivyobaki vimetoka wapi? Vimejazwa na wastani wa watu wengine, au wa wanyama, kisha vikapewa jina la mgonjwa. Kuna kazi ya heshima katika eneo hili, inayotangaza wazi kigezo kipi kimetambulika na kipi kimekopwa. Wanaoficha tofauti hiyo ni waganga wa kienyeji wenye kompyuta nzuri.

Itazame dawa ya mavacamten, iliyoidhinishwa Marekani Aprili 2022 kwa wagonjwa ambao kunenepa kwa msuli wa moyo kunawazibia njia ya damu. Inashika mayosini yenyewe na kupunguza vichwa vilivyo tayari kufanya kazi. Ni dawa chache ambazo utendaji wake kwenye msuli unajulikana kwa undani kiasi hicho. Pamoja na hayo, masharti yake yanamtaka daktari apime moyo kwa ultrasaundi kabla ya kuanza na tena na tena baadaye, na aisimamishe kama ventrikali ya kushoto itasukuma chini ya asilimia 50 ya damu iliyomo. Anayekuletea modeli akidai inaweza kuchukua nafasi ya vipimo hivyo, mwombe akuonyeshe kipimo kimoja cha mgonjwa ambacho modeli yake ilikibashiri kabla ya kukiona.